Kivutio cha Amu kisichopigwa picha

Mgeni ashukapo gatini mjini Lamu hakosi mtu wa kumhesabia vitu vya kutazama. Ataambiwa habari za Ngome iliyokamilika mwaka 1821, ikawa gereza hadi mwaka 1984, na ambayo sasa ni makumbusho. Ataonyeshwa Msikiti wa Jumaa ulioko Mkomani, ambao historia yake yaanzia mwaka 1511. Atashauriwa apande mashua hadi Shela akauone mchanga wake, kisha avuke kwenda kisiwa cha Manda akayatazame magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Vyote hivyo vyastahili safari. Lakini nimerejea kutoka huko hivi karibuni nikiwa na yakini kwamba kivutio kikubwa kuliko vyote hakimo katika orodha hiyo. Hakipigwi picha, wala hakina mlinzi. Baya zaidi ni kwamba mimi mwenyewe ni miongoni mwa waliokidhuru.

Msomaji aniruhusu nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo nilichokuwa nikifundisha, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyezaliwa Mkomani. Alikuwa amesimulia jinsi nyanya yake alivyokuwa akiamka kabla ya alfajiri, akichagua mchele kwa mwanga wa taa na kuzungumza na paka wa uani kana kwamba ni majirani. Ilikuwa insha yenye uhai. Nami nikashika kalamu nyekundu. Alipoandika “mato” nikakata, nikaandika “macho”. Alipoandika “ndia” nikaandika “njia”. “Mtele” nikaugeuza “mchele”. “Zitu” nikavifanya “vitu”. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa imejaa wino na alama zimepungua. Kijana alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu: “Mwalimu, kwa hivyo nyanya yangu amekuwa akikosea umri wake wote?” Nikamjibu kwamba hapa ni chuoni, si barazani. Jibu hilo lilinipendeza siku ile. Halinipendezi tena.

Kijana huyo sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakunihifadhia kinyongo, watu wa Amu ni wastaarabu mno kwa hilo. Ndiye aliyenialika kwao, na ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu kwa siku nilizokaa huko.

Mkomani ni nusu ya kaskazini ya mji mkongwe wa Lamu. Nusu ya kusini huitwa Langoni. Ni mtaa wa nyumba za mawe zilizosongamana, na vichochoro vyembamba ambamo mtu akikutana na punda aliyebeba mzigo, hana budi kujibanza ukutani ampishe. Kwa sikio la mwanaisimu, jina la mtaa huo linajieleza lenyewe. Mkoma ni mti wa jamii ya mnazi, ambao majani yake husukwa majamvi na vikapu. Na kiambishi -ni ni kile kile cha mahali tukionacho katika “nyumbani” na “shambani”. Mkomani, basi, ni mahali penye mkoma. Nilizunguka mtaa mzima siku ya kwanza nikiutafuta mti huo. Nilikuta milango iliyonakshiwa, madaka ya kupumzikia na misikiti ya kale, lakini mkoma wenyewe sikuuona. Mti umeondoka, neno limebaki. Sikujua bado kwamba siku ya pili ningekutana na hali iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni mbaya zaidi.

Jioni hiyo mwenyeji wangu alinipeleka katika nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho. Mle ndani, ukuta mzima umejaa matundu yaliyonakshiwa kwa chokaa, yaliyokuwa yakiwekwa vyombo vya kaure na vitabu. Matundu hayo huitwa zidaka. Msomaji wa Nairobi au wa Dodoma angetarajia kusikia “vidaka”, kwani umoja wake ni kidaka. Lakini Kiamu hutumia z- mahali ambapo Kiswahili sanifu hutumia vi- au vy-: zitu, zita, zuo, zombo. Na kwa kuwa nyumba hizi zimewashangaza wasomi wa usanifu majengo duniani, neno hilo limeingia katika vitabu vyao vya lugha za Ulaya likiwa na z yake kamili, wala hakuna mhariri aliyeligusa. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikatahayari. “Zidaka” likiwa ukutani ni urithi wa ulimwengu. “Zitu” likiwa katika daftari la mtoto wa mtaa huo huo ni kosa la sarufi. Ni kanuni ile ile moja. Tofauti ni kwamba lile moja lilisomwa na mtaalamu wa kigeni, na hili lilisomwa na mimi.

Siku ya pili tuliondoka Mkomani asubuhi, maji yalipokuwa yamejaa, tukapanda mashua ya injini na kuzunguka ncha ya kaskazini ya kisiwa kuelekea Matondoni. Ni kijiji kidogo kilicho upande wa pili wa kisiwa hicho hicho. Kwa miguu ni mwendo wa kiasi cha saa mbili kupitia mashamba ya minazi na miembe, na ndiyo njia tuliyorudi nayo. Kwa bahari unapita kandokando ya mikoko iliyofungana kama ukuta. Kaunti ya Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Hakuna hoteli ya fahari Matondoni. Kuna nyumba za udongo na za mawe, msikiti, shule, vivuli vya minazi, na ufuo ambao kwa vizazi vingi umekuwa karakana ya kuundia majahazi na mashua.

Siku tuliyofika palikuwa na chombo kimoja kipya kilichosimamishwa mataruma yake, na viwili vikuukuu vilivyopandishwa pwani ili vikarabatiwe. Fundi mkuu alikuwa mzee mwembamba mwenye tezo mkononi. Hakuwa na ramani wala mchoro. Kipimo kilikuwa katika jicho lake na katika urefu wa mkono wake. Mwenyeji wangu alinitambulisha kwa kusema, “Huyu ndiye mwalimu wangu.” Mzee alinipa mkono, akasema nimekaribishwa, na bila ya kusubiri maswali akaanza kunitembeza kwenye chombo kama mtu amtembezaye mgeni ndani ya nyumba yake.

Alinionyesha mkuku, ule uti wa chini unaobeba chombo chote, na mataruma yanayotoka kwake kama mbavu. Akanionyesha vijana wanaotia kalafati, yaani wanaosindika pamba iliyoloweshwa mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasipenye. Akanitajia sifa, mafuta ya papa yanayopakwa ubaoni, na deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaopakwa sehemu inayozama. Akaitaja foromali inayobeba tanga, na demani, kamba inayoliongoza. Akaniambia omo ni mbele, tezi ni nyuma, na ngama ni pale chini ndani ya chombo ambapo maji yote yaingiayo hukusanyika. Baadhi ya maneno hayo nilikuwa nikiyajua kutoka katika kamusi. Lakini kulijua neno kutoka katika kamusi ni kama kumjua mtu kutoka katika kitambulisho chake. Pale ufuoni kila neno lilikuwa na uzito, na harufu, na mtu wa kukugombeza ukilitumia visivyo.

Kisha tukafika omoni. Kila upande palikuwa na kibao cha mviringo kilichochorwa mwezi na nyota. Nikauliza ni pambo la namna gani. Mzee akanitazama kwa mshangao kidogo.

“Si pambo, mwanangu. Haya ni mato. Chombo kisipokuwa na mato, kitaionaye ndia?”

Mwenyeji wangu aliinamisha kichwa akatazama mchanga. Alikuwa amekumbuka, nami nilikuwa nimekumbuka. Katika sentensi moja ya mzee yule yalikuwamo maneno mawili niliyoyakata kwa wino mwekundu, na juu yake kiambishi cha tatu ambacho ningekikata pia kama kijana angekitumia, kwani sisi tungesema “kitaionaje njia”. Na kama mzee angekuwa mwanafunzi wangu, ningempunguzia alama tatu kwa sentensi ambayo katika maisha yangu ya kufundisha sijapata kusikia iliyo safi kuliko hiyo.

Nieleze kidogo, kwa kuwa hili ndilo kiini cha jambo. Mtu asemaye “mato” hasemi ovyo. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina ch katika maneno ya kundi fulani, Kiamu kina t: mato, mtele, mtanga, kuteka, kuteza. Penye nj, Kiamu kina nd: ndia, ndoo, ndaa. Penye nch kina nt, ndiyo maana nchi ni “nti”. Penye j, mara nyingi kina y: yana, moya, yambo. Mtoto wa Mkomani ajuaye hayo bila ya kufundishwa ana kichwani mwake sarufi kamili yenye mpango usiobadilika. Akiandika “mtanga” hakosi tahajia. Anaifuata kanuni kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyozifuata zetu.

Wala si sarufi ya watu wasio na vitabu. Utenzi wa Tambuka, unaojulikana pia kama Chuo cha Herekali, ambao ni miongoni mwa maandishi makongwe ya Kiswahili tuliyo nayo, ulitungwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ilitungwa katika visiwa hivi hivi. Mwana Kupona aliusia binti yake kwa utenzi mwaka 1858. Kwa muda mrefu washairi wa miji mingine ya pwani, hata wasiozaliwa kaskazini, waliona kwamba ushairi haujatimia bila ya kuazima maneno ya Kiamu. Kisha ukaja mwaka 1928. Wajumbe wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakaamua kwamba lahaja ya kusanifishwa iwe Kiunguja. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia uamuzi huo kwa nchi nne za Afrika Mashariki. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusambaa bara kwa njia za misafara, na lugha ya shule na ofisi ilihitaji umbo moja. Sina ugomvi na uamuzi wenyewe. Bila ya Kiswahili sanifu makala haya yasingesomwa Kisumu, Mwanza wala Bukavu.

Ugomvi wangu ni na jambo tulilolifanya baadaye sisi walimu. Kusanifisha lahaja moja ni kuchagua; hakukusudiwi kumaanisha kwamba nyingine ni makosa. Sisi tuligeuza uchaguzi ukawa hukumu. Tulimfundisha mtoto wa Amu kwamba lugha iliyobeba tenzi anazotakiwa kuzihakiki chuoni ni lugha ambayo hapaswi kuiandika darasa la tatu.

Nirudi Matondoni. Upande wa pili wa kijiji, chini ya mwembe, walikuwa wameketi akina mama wakisuka. Mmoja wao, bi mkubwa mwenye vidole vyepesi ajabu, alituonyesha miaa, yaani yale majani ya mkoma yaliyochanwa na kukaushwa, na ukili, utepe mrefu unaosukwa kwanza kabla ya kushonwa ukawa jamvi. Akatueleza tofauti ya miaa na ukindu, ambao hutoka katika mti mwingine na hufaa mikeka iliyo laini zaidi. Kwa hivyo mti niliokuwa nikiutafuta Mkomani nilikuwa nimeupata mikononi mwa wanawake wa Matondoni. Kando yake alikuwa ameketi msichana wa miaka kama kumi na minne, mjukuu wake. Nilimwuliza, kwa ajili ya kumchangamsha tu, zile anazosukia bibi zinaitwaje. Akajibu upesi, “Majani.” Na zile nyingine? “Majani pia.” Bibi hakumkemea. Alitabasamu, akaendelea kusuka.

Mkomani mti ulitoweka ukaacha neno. Matondoni kitu bado kipo, mkononi, mbele ya macho, na neno ndilo linalotoweka. Hilo ndilo nililosema kuwa ni baya zaidi, kwa kuwa kitu kisicho na jina lake huwa tayari nusu yake imekwenda.

Pwani hii imekwisha kuona jambo hilo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja na kusafiri kwa tanga la mkeka, ulikuwa fahari ya visiwa hivi, nao ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Kilichosalia ni picha na maelezo ya wageni, na vielelezo vilivyoundwa upya. Mtu anaweza kuushona mtepe mwingine kwa kutazama picha. Lakini maneno ambayo mafundi walipigiana kelele wakati wa kushona, ya mzaha na ya amri, picha haikuyachukua.

Leo majahazi nayo yamezungukwa. Ukataji wa miti ulisimamishwa na serikali mnamo Februari 2018, na wakata boriti wa Lamu wakaguswa. Bandari mpya ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliagiza wavuvi walioathiriwa na ujenzi huo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Samaki anaweza kupimwa akatiwa bei, na ni haki atiwe. Ila sijui mizani ya kupimia “kalafati”.

Usiku wa kuamkia safari yangu ya kurudi tuliketi barazani kwa mwenyeji wangu, Mkomani. Majirani walipita, wakasalimu, na kila alipowajibu nilimsikia akisema Kiamu kitamu kama kilivyo. Aligeuka kwangu na ulimi ukageuka naye, ukawa wa vitabuni. Mezani palikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi wake. Nilimwomba nitazame moja. Mtoto alikuwa ameandika habari za siku waliyokwenda kuteza mtangani. Maneno yote mawili yalikuwa yamekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake, kwa mwandiko nadhifu, yameandikwa “kucheza” na “mchangani”. Nilifahamu mara moja ni nani aliyemfundisha mwalimu huyu kusahihisha hivyo.

Nilimwambia niliyokuwa nikiyawaza tangu Matondoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema bila ya hasira: “Mtihani wa taifa hauyajui mato, mwalimu wangu. Nikimwachia huyu, atafeli. Babake hatamlaumu aliyetunga mtihani; atanilaumu mimi.”

Ana haki. Na mtu yeyote anayeandika magazetini kuhusu kuzihifadhi lahaja bila ya kumjibu mwalimu huyu anajifurahisha nafsi yake. Nami nijaribu kumjibu.

Kwanza, mtoto hahitaji kuchagua. Mwalimu anaweza kukiacha “mtangani” bila ya kukikata, akaandika pembeni mwake: hapa kwetu ni mtangani, katika mtihani ni mchangani. Kalamu ni ile ile na muda ni ule ule, ila mtoto ameambiwa kwamba ana mbili badala ya kuambiwa kwamba hana hata moja. Na akionyeshwa kuwa t yake ndiyo ch ya kitabuni, ataikumbuka ch hiyo vizuri zaidi kuliko mtoto aliyekariri tu. Naamini kwamba njia hii itampa alama zaidi, si pungufu.

Pili, tuache kujificha nyuma ya jina. Sera ya elimu nchini imesema kwa miaka mingi kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotumika mahali alipo. Huko Lamu tunaandika katika fomu kwamba lugha hiyo ni Kiswahili, tunaona kazi imekwisha, na Kiamu kinapita katikati ya vidole vyetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 7, yaitaka serikali ikuze na kulinda anuwai ya lugha za watu wa Kenya. Sioni pale palipoandikwa kwamba lahaja za Kiswahili zimetolewa katika hesabu.

Tatu, kazi yetu sisi wa vyuoni. Mji mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na ukuta wa Mkomani haubomolewi hivi hivi. Ni jambo jema. Basi na twende Matondoni, na Siyu, na Faza, tukiwa na daftari na kinasa sauti, tukaketi na mafundi na wasukaji wangali hai, tuandike majina ya kila ubao, kila fundo na kila ukili, na kila mzee atajwe kwa jina lake kama mwandishi. Kisha kitabu hicho kirudi kwanza katika shule za huko kabla ya kufika katika maktaba zetu.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Amu, tazama Ngome, uogelee Shela, uende Takwa. Kisha jipatie siku moja uende Matondoni bila ya haraka, uketi chini ya mwembe, na usikilize.

Kabla ya kuagana nilimwomba mwenyeji wangu ile insha ya nyanya yake. Nilitaka kuisoma tena, safari hii bila ya kalamu. Alicheka, akasema aliichana siku ile ile, njiani alipokuwa akitoka ofisini kwangu. Nyanya naye amekwisha kufariki. Wahenga wa pwani walisema kwamba kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nimerejea ngamani. Lakini si kila kilichotupwa baharini nitakikuta humo.